Goma, Januari 2025: kwa nini uhaba ulikuja haraka hivyo?

Msomaji wa Tanga: Ndugu zangu wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), naomba kueleweshwa. Mji wenu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu na umepakana na Gisenyi ya Rwanda, ambako mtu huvuka mpaka kwa miguu. Iweje basi, waasi wa M23 walipoingia mwishoni mwa Januari 2025, chakula, mafuta na dawa viadimike ndani ya siku chache?

Mkazi wa Himbi: Ndugu, kabla ya tarehe 27, walipoingia mjini, njia zetu zilikuwa zimekwisha kukatwa. Minova, mji wa kando ya ziwa, ilitekwa tarehe 21, na Sake, ulioko kwenye barabara ya kwenda Masisi, ikafuata. Kwa hiyo maharagwe, viazi na makaa ya Masisi, pamoja na vyakula vilivyoletwa kwa mashua kutoka Minova, vilikosa pa kupitia. Boti za Bukavu, mji ulio kusini mwa ziwa, zikasimama, uwanja wa ndege ukafungwa. Gisenyi unayoitaja ilitufaa baadaye, lakini kununua kunataka fedha mkononi, na benki zilikuwa zimefunga milango, hata wakala wa pesa za simu akawa hana noti za kumpa mteja. Kwa maoni yangu, kukosa noti kulitutesa kuliko kukosa magunia: bidhaa zilianza kurudi sokoni, ilhali mwenye mshahara wake benki alizitazama tu. CADECO, benki ya akiba ya serikali, ilifunguliwa tena Aprili, chini ya watawala wapya, yaani M23.

Muuguzi: Naongeza la hospitali. Umeme wa Matebe, kituo cha umeme wa maji kule Rutshuru, ulikatika kwa sababu ya mapigano, na pampu zinazovuta maji ya ziwa zikasimama. Watu wakateka maji ziwani kwa madumu, katika mji unaokijua kipindupindu vizuri mno. Wodi zikategemea jenereta, nazo jenereta hunywa dizeli, ambayo ilibidi igawanywe kati ya chumba cha upasuaji, oksijeni na jokofu la damu. Hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake, na siku hizohizo ghala la dawa la Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu likaporwa. Aliyelipora (sijui alitaka kumuuzia nani nyuzi za kushonea vidonda) alitupunguzia akiba ambayo hakuna ndege ingeweza kuirudisha.

Msomaji wa Tanga: Nashukuru. Na wenye jamaa ng'ambo walipokeaje msaada?

Mkazi wa Himbi: Wengine walivuka hadi Gisenyi kutoa fedha huko, wakarudi nazo mfukoni.