Fidia ya korona Marekani: maksai yuleyule, jana dola 214, leo dola 33

Wakuu, hili la fidia ya korona kwa wafugaji wa Marekani tuliseme wazi. Mpango wa fidia hiyo, CFAP, wa Wizara ya Kilimo ulimpa fungu nono aliyewahi kuuza, ukambania aliyebaki na mifugo zizini soko lilipoanguka.

Tazameni hesabu. Maksai aliyenona, akiwa ameuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili 2020, alilipiwa dola 214. Huyohuyo, kama tarehe 16 Aprili bado yuko zizini, ni dola 33. Siku moja! Kwa maksai 100 ni dola 21,400 kwa mmoja na 3,300 kwa jirani yake. Tena hiyo 33 haikujali umri wala uzito: ndama wa juzi na maksai wa kupelekwa machinjioni, wote bei moja.

Chanzo ni mifuko miwili. Hasara ya hadi 15 Aprili ilifidiwa kwa fedha za CARES, sheria ya msaada wa korona, ya baada ya hapo ikatupiwa mfuko wa CCC, shirika la wizara hiyo la kusaidia bei za mazao, wenye viwango vidogo. Lakini balaa lenyewe lilianza lini? Aprili hiyohiyo, wafanyakazi wa viwanda vya nyama walipougua na viwanda vikafungwa: Sioux Falls cha nguruwe, Greeley cha ng'ombe, kisha Waterloo. Na maksai aliyefikia uzito hasubiri kiwanda kifunguliwe. Anakula kila siku, mafuta yanazidi nyama, akipitiliza uzito mnunuzi anakata bei. Mfugaji analipia chakula huku mnyama anashuka thamani. Huyo ndiye aliyepewa 33, na kwa kuanzia akapewa asilimia 80 yake: dola 26 na senti 40.

Msiniambie walirekebisha. CFAP 2, awamu ya pili ya mpango huo, ilileta dola 55 kwa ng'ombe wa nyama, ila wa kuzalisha wakaachwa nje. Nyongeza ya dola 63 kwa maksai aliyenona ilianza kulipwa Aprili 2021, mwaka mzima umepita. Jumlisheni: 33, 55 na 63 ni 151. Bado hafikii 214. Na aliyeuza kabla ya 15 Aprili kisha akanunua wengine, alichukua 214 yake na akahesabiwa tena kwa hao wapya.

Fomu ya kuombea fidia nayo, AD-3114, ilikuwa na mtego wake. Idadi iliyotakiwa ni ya siku moja uliyokuwa na mifugo mingi zaidi kati ya 16 Aprili na 14 Mei, na siku hiyo unaichagua mwenyewe. Aliyeandika wastani, au idadi ya siku aliyokwenda ofisini baada ya kuuza, alijipunja. Ng'ombe wa maziwa hawakuhesabiwa humo kabisa.

Ukomo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu, lakini kampuni yenye wabia watatu, kila mmoja na saa 400 za kazi, ilifika 750,000. Wafugaji wa mkataba wa kuku na nguruwe, kwa kuwa mnyama si wao, walikaa bila senti hadi 2021, ilhali banda na mkopo wake ni vyao.

Kinachodaiwa ni tofauti ilipwe. Idadi na aina ya kila ng'ombe zimo kwenye fomu zilezile, na ofisi za kaunti zilishazitumia kulipa ile 63 bila mfugaji kuomba upya.