Hilux LN106 ya 1993: matairi ya inchi 33 na kuinua gari inchi 4, je, inafaa kwa gari la kazi?

Mkazi wa Kiserian:

Salamu kwenu nyote. Ninamiliki pikapu ya Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1993, ya kabini moja, yenye injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8, ambayo bado ina ekseli nzima mbele na nyuma juu ya springi za mabamba. Siku za kazi huliendesha gari hili kati ya Kiserian na Industrial Area, na mwisho wa wiki hulipakia nguzo za ua, mabati au tangi la maji na kwenda shambani upande wa Isinya, ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi hunata mpaka gurudumu linakuwa donge.

Matairi ya sasa ni 205R16 na yamekwisha. Kwa kuwa ni lazima ninunue mengine, nimefikiria kupanda hadi 33x12.50R15 pamoja na rimu pana, na kuliinua gari inchi 4. Gereji moja imeniambia kwamba kazi yote ni kuweka shakeli ndefu (vishikio vinavyounganisha ncha ya springi na chasi) mbele, kuingiza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi nyuma, kukata madigadi kidogo, na kwamba nitaondoka na gari jioni ileile. Wepesi wa jibu hilo ndio ulionitia wasiwasi. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama ukubwa huo unafaa kwa matumizi yangu, na ni nini kingine kitakachoguswa ambacho sijaambiwa.

Chuma Kizee:

Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huliinua gari wakidhani wameinua kila kitu. Springi zikiinuliwa, bodi na chasi hupanda, lakini difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, hubaki palepale ilipokuwa, na difu ndiyo inayokwaruza tuta katikati ya njia iliyochimbwa na malori. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake.

Tairi la 205R16 lina kipenyo cha takriban milimita 743. Tairi la 235/85R16 lina takriban milimita 806, na la inchi 33 lina takriban 838. Maana yake ni kwamba 235/85R16 litainua difu yako kwa milimita 31 hivi, na la inchi 33 kwa milimita 47. Tofauti baina ya hayo mawili ni milimita 16, na kwa ajili ya milimita hizo unaambiwa ukate madigadi, ununue rimu mpya na uliweke gari juu ya vipande vya chuma. Mimi nisingekubali.

Kuhusu upana, wapo wanaoamini kwamba tairi pana ndilo la matope, na kwa mchanga mwingi au kinamasi kisicho na chini imara ni kweli, hasa ukipunguza upepo. Udongo wa Isinya ni wa namna nyingine. Mara nyingi tabaka linaloteleza liko juu tu na chini yake pana ugumu, na tairi jembamba lenye meno yaliyoachana hulikata tabaka hilo likafika kwenye ugumu, ilhali tairi pana huelea juu yake na kwenda pembeni. Zaidi ya hayo, 235/85R16 la plai 10 (kipimo cha uimara wa tabaka za tairi) lenye namba ya uzito 120 linaruhusiwa kubeba kilo 1,400 kwa tairi moja likijazwa upepo wake kamili, kwa hiyo tangi lako la maji halitalishinda. Hakikisha tu kwamba rimu yako ina upana usiopungua inchi 6. Tairi la ukubwa wa 7.50 kwa rimu ya 16, ambalo limezoeleka kwenye pikapu za Land Cruiser, lina urefu unaokaribiana na huo na halikosekani madukani, ila lile la nyuzi za nailoni zilizopishana lina safari ngumu sana kwenye lami.

Gereji ya Nyuma:

Nakubaliana na aliyetangulia juu ya matairi. Mimi nitazungumzia kuinua, maana hapo ndipo uliposhauriwa vibaya.

Shakeli ndefu huinua gari kwa nusu ya urefu ulioongezwa, kwa sababu inashika ncha moja tu ya springi. Ukitaka inchi 4 kwa shakeli peke yake, itabidi iwe ndefu zaidi kwa inchi 8, jambo ambalo hakuna fundi mwenye akili timamu atakalolifanya. Hata inchi 2 za ziada zina madhara yake kwenye LN106, kwa kuwa shakeli ya springi ya mbele iko upande wa mbele. Ikirefushwa, ncha ya mbele ya springi hushuka, ekseli huzunguka, na pembe ya kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, hupungua. Matokeo yake utayaona kwenye lami: gari linatangatanga kwa mwendo wa 80, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva anachoka kabla ya kufika. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli huweza kuirudisha pembe hiyo, ila ziwe za chuma cha pua au feleji, si za aluminiamu, ambazo hupondeka na kulegeza kila kitu.

Vile vipande vya kuingiza chini ya springi visiwekwe kamwe mbele, ambako ekseli ndiyo inayobeba usukani na sehemu kubwa ya nguvu za breki. Nyuma vinavumilika vikiwa vifupi, lakini kadiri vinavyorefuka ndivyo ekseli inavyopata nafasi ya kuipinda springi gari linapong'oa likiwa na mzigo, na msalaba (kiungo) wa propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, ndio unaoumia.

Ushauri wangu ni springi kamili zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili, zenye kuinua milimita 40 hadi 50, ukichagua zile za nyuma kulingana na uzito unaoubeba mara nyingi, si uzito unaoubeba mara moja kwa mwaka. Springi za kubeba kilo 500 daima zitakurusha kila tuta la barabara ya Magadi siku ambazo kasha la mzigo nyuma ni tupu. Kuongeza bamba moja kwenye springi za zamani ni rahisi, lakini chuma cha miaka thelathini kimeshachoka na hicho kipya hubeba mzigo wote peke yake. Kuzikunja upya nako hakudumu iwapo fundi hakuzitia moto na kuzipoza kwa utaratibu wake. Utahitaji pia bushi mpya, yu-bolti mpya zinazofunga springi kwenye ekseli (za zamani zimeshavutika, usizirudishe) na shokamzoba zenye urefu unaolingana, kisha yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Sasa lile ambalo hukuambiwa. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ya breki iliyofungwa kwenye chasi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likishuka kwa uzito, inaruhusu shinikizo zaidi la breki kwenda nyuma. Ukiliinua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali huamini kwamba kasha ni tupu hata ukiwa umepakia nguzo mia, na breki za nyuma hufanya kazi nusunusu. Nimeona magari mengi yaliyoinuliwa ambayo vali hii haikuguswa kabisa. Kagua pia mipira ya breki, gari likiwa limening'inizwa mpaka magurudumu yashuke kabisa, uone kama haivutiki.

Dereva wa Mai Mahiu:

Mimi nitapinga kidogo, kwa sababu pikapu yangu ni LN106 na ina matairi ya inchi 33, na sina nia ya kuyavua. Tofauti ni kwamba yangu haibebi mzigo, na nilibadilisha gia za difu zote mbili kabla ya kufunga tairi hata moja. Anayetaka inchi 33 aanzie hapo au aache.

Tairi la inchi 33 ni kubwa kuliko 205R16 kwa karibu asilimia 13, na hiyo ni sawa na kuzirefusha gia zako zote kwa kiasi hicho. Injini ya 3L haina tabo (turbo) na nguvu zake ni farasi 90 hivi. Kwenye mlima wa kurudi Kona Baridi ukitokea Magadi itakulazimisha gia ya pili mahali ulipozoea ya tatu. Kama difu yako ina uwiano wa 4.30, utahitaji 4.88 ili urudi karibu na ulipokuwa, na ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo utavunja kitu siku utakayoingiza magurudumu manne.

Kupanda, hata hivyo, ni aibu tu. Hatari iko kwenye kushuka. Tairi likiwa kubwa, breki ileile inashika kwa nguvu ndogo zaidi pale tairi linapogusa barabara, na injini nayo inazuia kidogo zaidi kwa sababu gia zimerefuka. Shuka mteremko wa Mai Mahiu ukiwa na mzigo, lori mbele na matatu nyuma, ndipo utakapoelewa. Spidomita nayo itakudanganya: ikisoma 80, mwendo wako halisi ni 90, na kamera ya polisi haisomi spidomita yako.

Watu hutazama magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 na kuchangia ujenzi wa uzio wa Aberdare, wakatamani yao yafanane nayo, bila kukumbuka kwamba magari yale hayarudi Industrial Area Jumatatu asubuhi.

Mkazi wa Kiserian:

Nashukuru sana. Nimeshaiacha habari ya inchi 33. Nikifunga 235/85R16 na springi za milimita 40, je, nitalazimika kubadilisha gia za difu? Na kuhusu bima na ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani?

Chuma Kizee:

Ongezeko hilo ni asilimia 8.5. Utalihisi mlimani, lakini kwa kasi zako haliwezi kuhalalisha gharama ya kufungua difu mbili. Spidomita ikisoma 80, utakuwa unakwenda 87. Kampuni ya bima iandikie barua ukitaja springi na ukubwa wa matairi, na uhifadhi jibu lao. Wasipojulishwa, utawapa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Mkaguzi naye atatazama kama tairi linagusa popote na kama breki zinashika sawasawa, na hayo mawili ungeyataka hata asingekuwapo.

Gereji ya Nyuma:

Kabla hujalipa, azima tairi moja la ukubwa huo, lifunge mbele, zungusha usukani mpaka mwisho kila upande huku gurudumu moja likiwa juu ya jiwe, utazame ukingo wa nyuma wa madigadi na bamba la springi. Halafu jaribu kuliingiza tairi hilohilo mahali pa tairi la akiba chini ya kasha, kwa sababu huenda lisitoshe, na itabidi utengeneze kishikio ndani ya kasha. Matairi ununue matano.