Kocha kavuliwa filimbi shingoni mbele ya vijana wake, halafu mtaniambia nitulie?

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

Wakuu, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Mikono inatetemeka, kioo cha simu kina ufa, na mimi mwenyewe nina ufa.

Leo asubuhi, mazoezini. Sijahadithiwa, nilikuwepo, chini ya mwembe na wazee wa kahawa, tunawatazama vijana wanakimbia. Kocha anapanga koni zake taratibu kama mtu anayepanda mahindi. Akaingia yule bwana. Simtaji, mnamjua. Wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ambaye tukishinda ni "tumeshinda", tukifungwa ni "kocha kafungwa". Kashuka garini, injini hajazima, kakatiza uwanja na viatu vyake vya kuchongoka, nyasi hizo hizo tunazomwagilia kwa ndoo sisi wanachama. Akamfikia kocha, akamnong'oneza kitu.

Halafu akanyoosha mkono akamvua filimbi shingoni.

FILIMBI. Shingoni. Kamba ikanasa kwenye sikio, akaivuta!

Kocha hakusema neno. Aliinama aokote koni iliyobaki, akaambiwa "acha hiyo, mali ya klabu." Mtu mzima mwenye mvi akasimama wima tena, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Vijana wameganda. Kipa alikuwa kaudaka mpira, akabaki nao kifuani kama amebeba mtoto wa jirani.

Mimi nikashindwa. Nikapaza sauti: bosi, katikati ya msimu? Jumamosi tuna mechi! Akageuka, akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema: "Na wewe wa kiingilio cha buku tatu unaniuliza mimi?" Wazee wa kahawa wakacheka. Wazee wangu! Niliowanunulia kahawa na kashata nusu saa iliyopita.

Huyu ni kocha wa tatu tangu vuli ianze kunyesha. Bango la "Karibu Kocha" pale getini jina limebandikwa kwa selotepu ili lisisumbue kubadilisha. Kipa anamwita kila mgeni "kocha" asije akakosea. Muuza maji siku hizi hapiti karibu na benchi la ufundi, anaogopa atapewa mkataba.

Straika amekosa penalti mbili, ya pili mpira umeenda kuokotwa makaburini: kocha ndiye aliyepiga? Mishahara ya miezi miwili haijatoka: kocha ndiye mhasibu? Timu ikiwa mkiani mnamtimua kocha ili iweje? Nijibuni kama watu wazima.

Na ile filimbi jamani. Angemwomba tu. Angesema "mzee, naomba filimbi." Angepewa. Kamba kwenye sikio!

Kona Kavu:

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Mzee wa Bao la Mkono:

Mleta uzi, umetueleza kahawa, kashata, mwembe na kandambili. Umeruka jambo moja tu, timu imefungwa mara ngapi. Ngoja nikusaidie. Mechi sita, pointi moja. Na hiyo pointi tuliletewa na mvua, mpira wao ulikwama kwenye dimbwi hatua moja kutoka mstari wa goli.

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

Mkuu, mimi naongelea filimbi.

Chuma cha Reli:

Hasira zako nazielewa ila kutimua katikati kunalipa. Januari 2024, AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Ivory Coast ni wenyeji. Wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wamemwondoa kocha wao Gasset huku hawajui hata kama wamefuzu. Hiyo si katikati ya msimu, ni katikati ya mashindano! Wakaponea tundu la sindano kwa sababu Morocco kamfunga Zambia, kundi lile lile tulilokuwemo sisi Tanzania. Wakakosa kumwazima kocha Renard, wakampa timu msaidizi, Emerse Faé. Akamtoa Senegal kwa penalti, Mali huku wao wenyewe wakiwa kumi uwanjani, Kongo nusu fainali, Nigeria 2-1 fainali. Kombe. Sasa wangemwachia Gasset kwa sababu ya heshima?

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

Gasset alivuliwa filimbi shingoni? Jibu hilo kwanza.

Mwananchi Damu:

Mkuu achana na Abidjan, njoo Jangwani kwetu Yanga. Msimu wa 2024/25 tulianza na kocha Gamondi, aliyetoka kutupa ubingwa. Kafungwa na Azam, kafungwa na Tabora, mwezi Novemba kaonyeshwa mlango. Kaja Ramovic, Februari kaondoka mwenyewe kwenda Algeria. Kaja Hamdi. Makocha watatu, ubingwa ni mmoja na upo kabatini. Tatizo si kutimua. Tatizo mnatimua bila kuwa na timu.

Mnyama Mkali:

Mwananchi ukiona uzi wowote lazima uingize kabati lako. Hata uzi wa msiba.

Mwananchi Damu:

Wewe kaa kimya, kocha wenu wa Simba, Robertinho, aliondoka kwa sababu ya nani? Novemba 2023. Tuliwapiga tano kwa moja. Sisi ndio tuliosaini barua yake, nyie mlipiga muhuri tu.

Mnyama Mkali:

Mods, huu uzi si wa makocha wa mikoani? Fungieni watu wanaotoka nje ya mada.

Mtumwa wa Old Trafford:

Nyie mnalalamika nini? Njooni mkae na mimi. Oktoba 2024 Man United tuko nafasi ya 14, tukamtimua kocha Ten Hag. Tukamleta Amorim katikati ya msimu na mabeki wake watatu nyuma, wachezaji wamenunuliwa kucheza mfumo mwingine kabisa, muda wa kuwafundisha hakuna, kila siku tatu mechi. Tukamaliza nafasi ya 15. Yaani tumelipa fidia ya mamilioni ya pauni tushuke nafasi MOJA. Hiyo kazi ningeifanya mimi kwa nauli tu.

Mzee wa Bao la Mkono:

Hahaha, huyu ana haki ya kulia. Mleta uzi msogelee mwenzio.

Daftari la Mwalimu:

Kuna Mdachi mmoja mchumi, Bas ter Weel, alizichambua timu za ligi ya Uholanzi za miaka mingi. Timu ikifanya vibaya ikatimua kocha, matokeo yanapanda. Akazitazama na zile zilizokuwa vibaya vile vile lakini hazikutimua. Nazo zimepanda! Upepo mbaya huwa unaisha wenyewe, kocha mpya ndiye anakuta jua limetoka anasema nimelileta mimi.

Chuma cha Reli:

Mwambie huyo Mdachi aje kwetu, upepo mbaya huku unaisha timu ikiwa daraja la kwanza.

Kona Kavu:

Daftari la Mwalimu, kila uzi una Mdachi wako. Juzi kwenye uzi wa kuku wa kienyeji pia ulimleta Mdachi.

Mbweha wa Leicester:

Ninyi mnasema filimbi. Kocha Ranieri alitupa Leicester ubingwa wa Uingereza 2016, ubingwa ambao kabla ya msimu kampuni za kubeti zilitupa 5000 kwa 1. Februari 2017 katimuliwa. Miezi tisa. Mimba moja tu. Nililia kama nimefiwa. Halafu msaidizi wake Shakespeare akachukua timu akashinda mechi tano za ligi mfululizo, na mimi nikafuta machozi nikashangilia. Sijui niseme nini kuhusu moyo wangu.

Mtumwa wa Old Trafford:

Na kocha Postecoglou kule Nottingham Forest, Oktoba 2025? Siku 39. Hata arobaini hakufikisha! Kapigwa 3-0 na Chelsea nyumbani, katimuliwa dakika chache baada ya filimbi ya mwisho, watu hawajamaliza kutoka uwanjani.

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

UMEONA? Baada ya filimbi ya mwisho. BAADA. Wazungu wenyewe walisubiri filimbi ilie. Sisi tumeivua shingoni!

Kona Kavu:

Mkuu leo ukisikia trafiki barabarani utazimia.

Mama Ntilie wa Geti la Pili:

Wanangu nimewasoma wote. Huyo kocha ana deni langu la siku kumi na moja, wali maharage, na Ijumaa mbili alichukua samaki. Nimeenda pale nyumba ya klabu saa nane mchana, chumba kimefagiwa. Kocha aliyemtangulia naye aliniachia daftari hivi hivi. Mnapotimua katikati ya msimu mnatazama msimamo wa ligi, mimi natazama sufuria. Na aliyeniambia "mama mpe tu, huyu ni mtu wetu" ni kijana mmoja wa ngoma. Yumo humu.

Mzee wa Bao la Mkono:

Oyaaaa.

Chuma cha Reli:

Mpiga ngoma, jitokeze mwanaume.

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

Shikamoo mama. Hilo tutaliongea pembeni.

Mama Ntilie wa Geti la Pili:

Marahaba mwanangu. Halina pembeni. Kesho asubuhi, kabla sijabandika maharage.

Mnyama Mkali:

Kwa hiyo hasira zote za filimbi kumbe mdhamini wa wali. Nilijua tu. Mtu halii hivi kwa ajili ya kamba.

Fundi wa Kabati:

Kutimuliwa katikati ya msimu ni afadhali. Mimi bosi wangu kanitimua tarehe 23 ya mwezi. Tarehe 23! Wiki moja kabla ya mshahara. Nimesaga mbao mwezi mzima, kazi ya milango ya hoteli nimeimaliza, kaniambia biashara ngumu. Na msumeno wangu mwenyewe, nilioununua kwa jasho langu, kasema ni wa karakana. Nao kauvua mkononi mwangu, tena wa moto.

Mbweha wa Leicester:

Pole sana fundi. Huyo si mtu.

Kona Kavu:

Tarehe 23 ni unyama. Nenda ofisi ya kazi kaka, usikae kimya.

Daftari la Mwalimu:

Ana mkataba wa maandishi?

Fundi wa Kabati:

Mkataba wa maneno. Tulikubaliana kwenye daladala.

Mtumwa wa Old Trafford:

Afadhali wewe umetimuliwa na mtu unayemfahamu. Mimi jana kibanda umiza nimelipa mia tano yangu, dakika ya 80 timu inasawazisha, mwenye banda kahamisha chaneli kwenye tamthilia kwa sababu mkewe kaingia. Watu arobaini tumekaa tunatazama mama mkwe anatia sumu kwenye supu.

Mnyama Mkali:

Alikufa lakini?

Mtumwa wa Old Trafford:

Nani?

Mnyama Mkali:

Aliyekunywa supu.

Mtumwa wa Old Trafford:

Umeme ulikatika.

Mwananchi Damu:

Banda la kwetu feni inapiga kelele hadi huwezi kujua mtangazaji anasema goli au kona. Mwenyewe ukimwambia anakujibu "hiyo ndiyo feni ya mia tano".

Mpiga Ngoma wa Jukwaa la Jua:

Wakuu, turudi kwenye filimbi basi. Jumamosi tunacheza, hatuna kocha, na yule bwana nimesikia ameivaa mwenyewe. Amesimama kati ya uwanja anaipuliza.

Kona Kavu:

Subiri kidogo mkuu. Fundi, huo msumeno ulikuwa wa mkono au wa umeme?

Fundi wa Kabati:

Wa umeme. Na waya wake wa mita kumi.