Ameinusa tiketi yangu! Kumbe nauli ya kwenda kazini nayo ni mshahara?

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale dirishani kwa karani wa mishahara wa kazini kwetu sasa hivi, mikono inatetemeka, nimekaa kwa muuza kahawa hapa Ngamiani naandika kwa kidole kimoja.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino, kila siku anaazima yako na hairudi. Huyo huyo.

Mimi fundi umeme, mkataba wa miaka miwili, nyumbani Chumbageni. Wiki hii Pangani, wiki ijayo Handeni, mgongo umeshakuwa na umbo la siti ya Coaster. Mshahara ukishatoa NSSF unabaki 700,000. Kuanzia mwezi huu wametuwekea na nauli 180,000, nikasema alhamdulillah, wamenikumbuka. Karatasi ya mshahara inatoka: kodi 98,000! Nimezoea 56,000. Yaani nauli imenipanda mimi badala ya mimi kuipanda.

Nikakusanya tiketi zangu zote kwenye rambo, nikapanga foleni saa nzima. Nikamwambia kwa adabu kabisa: kaka, nauli si mshahara, nauli anakula konda, basi mkateni kodi konda. Akachukua tiketi ya juu. Akaikunjua taratibu. AKAINUSA.

Wakuu, aliinusa. Pua mpaka kwenye karatasi, macho kayafumba, kama anachagua changu sokoni. Halafu kwa sauti ya muadhini: "Hii inanuka ng'onda. Ng'onda haina marejesho."

Nyuma yangu watu kama elfu sita. Wakacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kafa.

Ndiyo, inanuka. Kutoka Kange hadi Handeni nilibanwa na mama mwenye tenga la ng'onda, samaki wa kukaushwa, nusu tenga liko mapajani kwangu, tiketi iko mfuko wa shati. Ningefanyaje, niishike nje ya dirisha? Na bodaboda ya kutoka barabarani hadi saiti, 5,000 kwenda, 5,000 kurudi, nimdai risiti ya mashine? Yule kijana hata kofia ngumu hana, awe na mashine ya EFD?

Lakini hayo yote nasamehe. Kunusa sisamehi. Mtu mzima, na tai yake, ananusa!

*

Mwana wa Kisosora: Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta kosa la huyo bwana. Ng'onda ilinuka au haikunuka?

BintiPangani: Huyo huyo wa kalamu tatu? Mimi alinishikia likizo wiki mbili kwa sababu sahihi yangu "haina heshima". Tena wewe una bahati kanusa tu.

Mhasibu Mstaafu: Kijana, tulia upigiwe hesabu. Posho ya safari imo kwenye mapato ya ajira, soma Sheria ya Kodi ya Mapato kifungu cha 7. Kinachoachwa nje ni ile fedha unayorudishiwa tu, uliyoitumia yote kwa ajili ya kazi. Wewe unapewa 180,000 ile ile kila mwezi. Ukiwa likizo unapewa?

Mleta uzi: Wamesema napewa, lakini hiyo si mada.

Mhasibu Mstaafu: Ndiyo mada yenyewe. 700,000 na 180,000 ni 880,000. Umevuka 760,000, kwa hiyo 68,000 kwanza ya hizo 760,000, halafu asilimia 25 ya 120,000 iliyozidi, ambayo ni 30,000. Jumla 98,000. Jamaa hakukosea hata senti. Mwombe mwajiri akulipe kwa safari, kwa risiti, kiasi ulichotumia. Ukitaka mkupuo, kodi utailipa.

Mleta uzi: Sawa, hakukosea. Kwa nini alinusa?

Wakili wa Kibarazani: Mkuu, usikubali haraka. Kwenye hicho kifungu cha 7 kuna msamaha wa nauli kama kwako ni zaidi ya maili 20 kutoka kazini.

Mleta uzi: NILIJUA! Handeni ni zaidi ya maili 20 hata ukiruka kama kunguru!

Mhasibu Mstaafu: Huo ni wa mtu aliyeajiriwa kutoka mbali, analetwa kituo cha kazi yeye, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne, kwa gharama halisi ya safari. Wewe umeajiriwa ukiwa Chumbageni, unakula chapati kwenu.

Baba Saba: Watoto wanne? Mimi ninao saba. Watatu watembee kwa miguu?

BintiPangani: Baba Saba, sheria imekuambia upumzike.

Fundi Bomba: Mimi nakatwa kodi ya zuio asilimia 5 tu, mkataba wangu umeandikwa mtoa huduma. Mnahangaika na PAYE za mishahara za nini?

Mwana wa Kisosora: Ukivunjika mguu saiti utajihudumia mwenyewe, mtoa huduma. NSSF huna, likizo huna, na ritani ya kodi unajaza peke yako usiku na kibatari.

Fundi Bomba: Ritani ndiyo nini?

Mhasibu Mstaafu: Innalillahi.

Dereva wa Segera: Posho za Tanga ndivyo zilivyo, waja leo waondoka leo. Ila na nyie mafundi mnapanda na ngazi ndani ya basi halafu mnalalamika harufu. Jumanne mmoja kanivunjia taa.

Baba Saba: Dereva, ni nyie mnaoshusha abiria njia panda na kusema "hapa ndiyo mwisho"! Juzi nimetembea na mabegi mawili na watoto watatu.

Dereva wa Segera: Wale wasiosamehewa kodi?

BintiPangani: 😂😂😂

Mleta uzi: Jamani tusitoke kwenye mada. Mtu amenusa tiketi ya mtu.

Mama Ntilie wa Raskazone: Mwanangu, pole. Hivi huyo mama wa ng'onda anapandia Kange saa ngapi? Huku kwetu imeadimika.

Mwana wa Kisosora: Hata mimi naulizia.

Mleta uzi: Gari ya saa kumi na mbili asubuhi, siti ya nyuma ya dereva.

Mama Ntilie wa Raskazone: Ya papa au ya nguru?

Mleta uzi: Nguru, mama.