Tupeane uzoefu: dunia isiyozaa imeshaingia nyumbani kwa nani humu?

Mtoa mada, Tabata:
Wakuu za jioni. Jumamosi tumekaa sebuleni mimi na waifu tunaangalia muvi ya kutafsiriwa, stori yenyewe ni miaka ya mbele huko binadamu hawazai tena, vichanga hakuna, watu wanazeeka tu wanaangaliana. Si mnajua DJ anavyochomekea vichekesho vyake, nikawa nacheka. Kugeuka mwenzangu hacheki. Ilipoisha akasema, "Afadhali huko hawazai wote, hakuna wa kunyooshewa kidole," akabeba vikombe akaenda zake jikoni.
Ndoa ina mwaka wa sita. Tangu siku hiyo usingizi wa mang'amung'amu. Waliopitia hili tupeane uzoefu, wa kejeli wapite kushoto.

Dada, Kinondoni:
Mkeo nimemuelewa. Mimi mwaka wa tisa. Kuna siku mtoto wa jirani katumwa kuniita, akauliza "nikamwite mama nani?" nikamsikia mama yake anashusha sauti, "yule wa geti jekundu." Ndo jina langu hilo mtaani. Kombe nimekunywa, mizizi ya wifi kutoka Tanga nimekunywa nikaharisha siku mbili, mwisho nikapigwa ile picha ya mirija, wanaingiza dawa kwa chini halafu eksirei, jamani inauma msidanganywe. Imeziba yote miwili. Dokta kaniuliza kama nishaugua magonjwa ya zinaa nikawaka, akaniambia taratibu kwamba klamidia inaweza ikakaa mwilini bila dalili yoyote huku inaharibu mirija. Nimeitoa wapi, tuyaache hayo. Kupandikiza mimba nimetajiwa milioni kumi na kitu, kiwanja cha Chanika tumeuza na bado hazijatosha.

Mdau, Gongo la Mboto:
Mimi ninao saba, njooni mchukue wawili bure, sembe haikai ndani hahaha

Dada, Kinondoni:
Kaka, kushoto ni huko.

Nesi, Temeke:
Mimi nipo wodi ya wazazi, ukituletea muvi hiyo zamu ya usiku tutacheka kweli maana kuna siku vitanda havitoshi. Ule utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8, wakati Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa 0.72, na ili watu wasipungue inatakiwa kama 2.1, kwa hiyo muvi yenu kule imeshaanza kupiga hodi. Huku kwetu asiyepata anaumia vingine, yuko peke yake katikati ya kelele za watoto wa wenzie, na wala sio wachache, WHO walisema 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 anakutana na tatizo hili wakati fulani maishani. Panda daladala ya watu thelathini uhesabu.
Sasa mtoa mada, mkeo umemtaja. Wewe umepima?

Mtoa mada, Tabata:
Mimi niko fiti dada, upande huo sina shida kabisa.

Nesi, Temeke:
Sijauliza ufiti.

Mdau, Mbagala:
Nesi kanikumbusha mbali. Na mimi nilikuwa fiti miaka minne hivyo hivyo, mke anazunguka na mafaili mimi namlipia nauli najiona mume bora. Siku nimekubali kupima mbegu, maabara yenyewe iko Kariakoo na mimi pale hospitali chooni na watu wanagonga mlango nilishindwa, nikapewa kikopo nikachukulie nyumbani, nikaambiwa kisipate baridi na kifike ndani ya saa moja. Basi asubuhi nimekipachika kwapani ndani ya shati, niko kwenye boda, Kilwa Road foleni haisogei, dereva kila akifunga breki nabana kwapa kama nina jipu, mpaka akaniuliza, "Bro, unaumwa?" Nikamwambia we kimbiza tu.
Majibu milioni 3 kwenye mililita moja, wakati chini kabisa inatakiwa kama 16. Mishipa ya korodani imevimba. Nilifanyiwa upasuaji, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu maana mbegu mpya zinachukua muda kutengenezwa. Sitawadanganya kwamba tumepata, bado. Ila mama yangu alikuwa na tabia ya kumpigia mke wangu kila mwisho wa mwezi kumuuliza kama kaziona siku zake. Nikampigia mwenyewe, nikamwambia mama, ni mimi. Alinyamaza mpaka vocha ikakata.

Mdau, Kigogo:
Mimi sifuri kabisa, matubwitubwi ya kidato cha nne yalishuka mpaka chini nikajua yamepona. Tulienda ustawi wa jamii kuomba mtoto, maswali mengi, wamekuja kukagua mpaka choo, lakini binti tunaye, yuko darasa la pili na kwa kelele anawazidi wale saba wa Gongo la Mboto.

Mdau, Gongo la Mboto:
Hapo nimenyooka. Mnisamehe.

Mtoa mada, Tabata:
Siku nne nilikuwa nasoma tu. Jana nimempa waifu simu asome mwenyewe, kafika kwa wa Mbagala akacheka mpaka akashika ukuta, kicheko hicho sijakisikia muda. Akamaliza, akanirudishia simu, "Haya, na wewe?"
Kikopo kiko hapa mezani, jina langu kaliandika yeye kwa maka peni. Wa Mbagala, kwapa la kushoto au la kulia? Na kutoka Tabata saa moja asubuhi nipite Buguruni au nizungukie Kigogo?