Waandaaji wa mbio za baiskeli Newala, mmemvunja mwenzetu halafu mmenyamaza

Wanajamvi, nimekaa na hili wiki mbili nikidhani kuna atakayepiga simu. Hakuna aliyepiga.

Tulilipa kiingilio elfu kumi kila mmoja. Tukaahidiwa njia itafungwa, pikipiki haziruhusiwi, maji yapo kila baada ya kilomita kumi. Changarawe yenyewe haitutishi. Sisi wa huku juu uwandani baiskeli ndiyo tunabebea maji, madumu manne kwa safari, njia hizihizi. Ukipunguza upepo kidogo tairi lisirukeruke, ukafuata alama za malori ambako kokoto zimeshindiliwa, ukaiacha breki ya mbele kwenye kona, unafika.

Sasa tumefika mteremko wa kuelekea bonde la Ruvuma, pikipiki tano zikatupita. Nilizihesabu. Waalikwa na wapiga picha. Ni mwezi wa nane, vumbi letu mnalijua. Lilitanda jekundu hadi sioni mikono yangu kwenye usukani. Njia iliyoshindiliwa wakaichukua wao, sisi tukasukumwa pembeni kwenye kokoto mbichi zilizorundikwa na greda siku mbili kabla. Ukiingia humo gurudumu la mbele linaogelea tu, huligeuzi. Mwenzangu aliyekuwa mbele yangu akaingia. Nilisikia cheni ikigonga chini, nikampita kwa kubahatisha, nikasimama mbele huko na kurudi mbio. Amekaa chini ameshika bega, kiwiko kimechunika, kokoto tatu zimezama kwenye nyama.

Gari la huduma ya kwanza halikuwepo. Maji hayakuwepo. Nilimwosha kwa maji ya mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye mikorosho yake, bado ana unga wa salfa, dawa ya mikorosho, kwenye kitenge. Yalikuwa maji yake ya kunywa, na huku kwetu dumu ni la kununua. Alitoa kabla sijamwomba. Nyie mliochukua hela zetu mlikuwa mnapiga picha na washindi.

Mtulinga umevunjika. Yeye anaishi kwa kuuza maji kwa baiskeli. Wiki mbili hajabeba dumu hata moja na wateja wake wameshahamia kwa wengine.

Nilipomfuata mwandaaji mmoja akaniambia kwenye changarawe kuanguka ni kawaida. Hapana, mkuu! Mtu akikata kona vibaya analala chini, anajifuta vumbi, anaendelea, na hakuna anayelalamika. Mimi mwenyewe nimelala mara nyingi. Huyu hakukata kona vibaya. Aliondolewa njiani na pikipiki mlizosema hazitakuwepo.

Lipeni gharama za hospitali na siku zake za kazi. Risiti zote ninazo. Na nimesikia mnaandaa nyingine mwezi ujao, njia ileile. Aliyekuwepo siku ile aje hapa aseme alichokiona, na anayeweza tukutane kwenye kona ile asubuhi ya mbio na filimbi na madumu ya maji. Pikipiki haitapita pale.