Mafundi wa mitambo ya muziki Dodoma, acheni kukata waya wa erthi ili kuzima mngurumo!

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie nilieleze jambo hili lote.

Ninapiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa moja huku Ipagala. Tangu mwezi Juni ampu yangu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ilikuwa ikinguruma kila ibada, mngurumo mzito uliosikika hata waumini walipoinamisha vichwa kuomba, ilhali nyumbani, kwa gitaa lilelile, ampu ileile na waya uleule, palikuwa kimya. Hilo peke yake lilitosha kumwonyesha fundi makini kwamba gitaa halina kosa. Fundi wa kwanza hakuuliza. Alibandua pikapu zote tatu, vile vinasa sauti vyenye sumaku vilivyo chini ya nyuzi, akaweka nyingine za koili moja kama zile za awali, akachukua shilingi 180,000, na Jumapili iliyofuata mngurumo ulikuwa palepale.

Hakufanya jaribio hata moja. Angeshusha volyumu ya gitaa hadi sifuri, angesikia kwamba mngurumo haupungui, kwa hiyo hautoki kwenye pikapu. Angenitaka nigeuke huku na huku gitaa likiwa begani, kwa sababu pikapu ya koili moja ikinasa usumaku wa transfoma, mlio hubadilika kadiri unavyogeuka, wangu haukubadilika. Angechomoa waya unaotoka kwenye ampu kwenda kwenye mikisa, mashine inayochanganya sauti zote, angepata jibu lote, maana nilipouchomoa mimi mwenyewe, kelele ilikatika papo hapo. Ampu ilikuwa imechomekwa mbele, karibu na madhabahu, na mikisa nyuma, karibu na mlango, na vyote viwili vina erthi, yaani waya wa kinga unaoelekea ardhini. Waya wa sauti ulipoviunganisha, erthi ikapata mzunguko kamili kupitia wavu wa chuma uliofunika waya huo kwa ndani, na umeme wetu wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, ukaingiza mngurumo wake kwenye sauti.

Fundi wa pili alilijua hilo, na ndiyo maana kosa lake linaniuma zaidi. Alifungua plagi ya ampu, akakata waya wa kijani na njano, ndio wa erthi, akaukunja, akauzungushia utepe mweusi, akakaza skrubu. Mngurumo uliisha kweli. Alhamisi, mazoezini, hatukuunganisha ampu na mikisa, kwa hiyo ampu ilibaki haina erthi yoyote. Nikasogea kwenye maikrofoni kuongoza kiitikio, vidole vikiwa kwenye nyuzi, mdomo ukagusa wavu wa maikrofoni, na umeme ukanirusha nyuma hadi kwenye viti vya sauti ya pili. Mdomo wa chini bado una kidonda.

Umeme ukivuja kwenye bodi ya chuma ya ampu, waya ule wa erthi ndio unaoupeleka ardhini na kuifanya fyuzi ikatike. Ukiondolewa, njia inayobaki ni nyuzi za gitaa na mwili wa mpigaji. Tena hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, udongo hukauka miezi mingi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fundi anayejali angepima kwanza nondo ya erthi ya jengo badala ya kuondoa hata kinga ndogo iliyopo.

Nimeurudisha waya ule, na sasa ampu na mikisa vinapata umeme kutoka soketi moja, kwa ekstensheni ndefu yenye nyaya tatu. Pametulia. Pasipowezekana kufanya hivyo, kipo kisanduku cha DI, kinachowekwa kati ya ampu na mikisa, chenye swichi inayotenganisha wavu wa waya wa sauti tu, erthi ya umeme ikabaki mahali pake.

Ninachodai ni kwamba kila fundi aliyewahi kukata waya huo arudi kwa wateja wake aurudishe, bila kudai malipo. Nanyi wapigaji wenzangu ambao ampu zenu "zilitengenezwa" ghafla namna hiyo, fungueni plagi mwangalie kabla ya ibada ya Jumapili hii.